Miaka kumi au milioni ishirini: hakimu hufikiaje adhabu ya kosa la mtandaoni?

Katikati ya Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya sheria ya Kenya kuhusu makosa ya kompyuta na mtandao. Kabla wino haujakauka, makundi ya WhatsApp yalikuwa yamejaa onyo moja: ukimwandikia mtu vibaya Facebook ni jela miaka kumi na faini ya shilingi milioni ishirini, na haya yote yameletwa juzi. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu ya kifungu cha 27, kile kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni. Wengine wakaelewa kwamba sheria nzima imeanguka.

Milioni ishirini na miaka kumi hazikuletwa na marekebisho hayo. Zimo kwenye kifungu hicho tangu sheria ilipotungwa mwaka 2018. Kilichoongezwa 2025 kwenye kifungu hicho ni maelezo ya kosa lenyewe, likiwemo suala la kumsukuma mtu kujiua. Amri ya mahakama nayo iligusa sehemu iliyolalamikiwa tu. Utapeli, udukuzi na picha za ngono za watoto vilibaki makosa kama vilivyokuwa. Lakini kuna dhana potofu iliyopita kimyakimya bila mtu kuihoji, nayo ni kuamini kwamba nambari iliyoandikwa kwenye sheria ndiyo hakimu atakayoitamka. Mara nyingi sivyo, na kwa Tanzania kuna sababu tofauti kabisa na za Kenya.

Tuanze na hatua zenyewe. Kesi ya jinai ina maamuzi mawili. La kwanza ni kama mshtakiwa alitenda kosa. Hapo upande wa mashtaka hubeba mzigo wa kuthibitisha pasipo shaka ya msingi, na habari za watoto wadogo nyumbani au mama mgonjwa hazina nafasi. Ushahidi ukitosha, mtu hutiwa hatiani, usipotosha, anaachiwa. Uamuzi wa pili ni adhabu, na huu huja tu baada ya kutiwa hatiani. Hapa ndipo historia ya mtu, hasara ya aliyeumizwa, majuto na hata umri huanza kusikilizwa. Gazeti likiandika kwamba mtu “anakabiliwa na kifungo cha miaka kumi” siku anayosomewa mashtaka, hakuna uamuzi hata mmoja uliofanyika. Mwandishi ameisoma sheria, basi.

Adhabu yenyewe si lazima iwe jela. Kuna faini, ambayo huenda serikalini. Kuna fidia, ambayo huenda kwa aliyeumizwa. Kuna huduma kwa jamii na kuna kifungo cha nje. Kuna pia kutaifisha simu, kompyuta na pesa zilizopatikana kwa kosa. Hakimu anaweza kutoa zaidi ya moja kwa pamoja, pale sheria inapomruhusu.

Dari na sakafu

Fikiria chumba. Juu kuna dari, chini kuna sakafu, na hakimu anatembea katikati. Sheria ya Kenya ya 2018 imejengwa kwa dari. Karibu kila kosa limewekewa faini isiyozidi kiasi fulani, au kifungo kisichozidi miaka fulani, au vyote viwili. Chini ya hapo hakuna kitu: hakimu anaweza kushuka hadi kumwachia mtu kwa masharti ikiwa mazingira yanaruhusu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, iliyoanza kutumika Septemba 2015, imejengwa kwa sakafu. Kule maneno yanayojirudia ni faini isiyopungua na kifungo kisichopungua.

Chukua kosa moja, utapeli kwa njia ya kompyuta. Kenya imeweka dari ya shilingi milioni 20 au miaka 10 jela. Tanzania, kwa mujibu wa sheria ilivyotungwa, inasema faini isiyopungua milioni 20 au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji, kikichukuliwa kiasi kilicho kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote. Nambari ni ileile, milioni ishirini, ila upande mmoja ndiyo mwisho na upande wa pili ndiyo mwanzo. Na shilingi zenyewe hazilingani hata kidogo. Ujumbe unaovuka mpaka wa Namanga bila kutaja ni shilingi za nani huwa umeshapotosha kabla haujasomwa.

Wazo la dari si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1967, katika kesi ya Opoya dhidi ya Uganda, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba sheria inaposema mkosaji anawajibika kupata adhabu fulani, hicho ni kiwango cha juu kabisa, na mahakama ina hiari chini yake. Adhabu iliyokuwa inazungumziwa pale ilikuwa kifo, hivyo huwezi kusema majaji walikuwa wakicheza na jambo dogo. Msimamo huo bado unanukuliwa hadi leo.

Kenya nayo ina sakafu zake, ila ziko kwenye sheria nyingine. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imejaa vifungo visivyopungua. Hili lina uzito hapa kwa sababu kesi nyingi mbaya zinazoanza mtandaoni haziishii huko. Mtu mzima anamzoea mtoto kupitia simu, anampata ana kwa ana, na anachoshtakiwa mwishowe ni unajisi. Hapo hiari ya hakimu inabanwa. Kwa miaka kadhaa mahakama za Kenya ziligawanyika kuhusu viwango hivyo vya chini. Baadhi ya majaji walivishusha, wakiegemea uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 uliosema adhabu ya lazima ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: uamuzi ule ulihusu mauaji tu, na viwango vya chini vya Sheria ya Makosa ya Kingono vinabaki. Katika kesi iliyokuwa mbele yake, kifungo kilichokuwa kimeshushwa hadi miaka 15 kilirudishwa kuwa 20.

Ndani ya chumba

Tuseme sasa hakimu wa Nairobi amemtia mtu hatiani kwa kosa lenye dari ya miaka kumi. Anaanzia wapi?

Idara ya Mahakama ya Kenya ilitoa mwongozo wa sera ya adhabu mwaka 2016 na kuupitia upya 2023. Ule wa 2016 ulitoa jibu rahisi sana: anza katikati. Kama dari ni miaka kumi, simama kwenye mitano, kisha uangalie ni mambo gani yanakupandisha na yapi yanakushusha. Sababu yake ni ya kiutendaji. Hakimu akianzia juu kabisa hana pa kumpeleka mkosaji mbaya zaidi, na akianzia chini kabisa hana cha kumpunguzia anayestahili huruma.

Kabla ya kupanda au kushuka anasikiliza. Kiongozi wa mashtaka anaeleza kama mtu huyu amewahi kutiwa hatiani huko nyuma. Mshtakiwa au wakili wake anaomba apunguziwe adhabu. Ofisa wa urekebishaji tabia anaweza kutumwa nyumbani na mtaani kwao kuuliza majirani, chifu na familia, kisha akarudi na ripoti. Aliyeumizwa naye ana haki ya kueleza kosa lilivyomwathiri, haki iliyokaziwa na Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014. Katika makosa ya mtandao kauli hii ina uzito wa pekee, kwa sababu madhara hayaonekani kwa macho. Hakuna mkono uliovunjika. Mtu ambaye picha zake za faragha zimesambazwa anaweza kusimama mbele ya hakimu kutoa kauli yake akiwa mzima, kumbe ameacha kazi, amehama mtaa, na kila simu ikilia moyo unapiga.

Mambo yanayopandisha adhabu kwenye makosa haya yanajulikana, na sheria ya Kenya yenyewe imeyataja pale inapozungumzia mtu anayetumia kompyuta kutenda kosa lililo kwenye sheria nyingine. Huyo anaweza kuongezewa adhabu juu ya ile ya kawaida, na mahakama inaelekezwa kuangalia jinsi kompyuta ilivyoongeza madhara ya kosa, kama kulikuwa na faida ya kibiashara au kifedha, thamani ya hasara au ya faida, kama kulikuwa na usaliti wa dhamana aliyopewa mtu, idadi ya walioathiriwa, na mwenendo wa mshtakiwa. Usaliti wa dhamana ndio unaowaangusha wafanyakazi wa benki na wa kampuni za simu wanaouza taarifa za wateja. Mtapeli wa nje anabahatisha namba. Mfanyakazi wa ndani anajua nani ana pesa na nani hana, na mahakama hazichukulii hilo kwa wepesi.

Yanayoshusha ni yale ambayo mtu yeyote angeyataja: kosa la kwanza, umri mdogo, kukiri mapema, kurudisha kilichochukuliwa, kushirikiana na wapelelezi, kuwa mtu alitumiwa na wakubwa. Hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya sana. Kufuta ulichoandika hakufuti kosa. Kosa lilikamilika ulipolituma, na nakala ziko kwenye simu za watu. Kufuta haraka na kuomba radhi kunaweza kukusaidia kwenye hatua ya adhabu. Kufuta baada ya kusikia polisi wanakutafuta kunaweza kusomwa kuwa ni kuharibu ushahidi. Na yule anayesema “mimi nilisambaza tu” anakuwa ametoa sababu ya kupunguziwa adhabu. Hajatoa utetezi, hasa pale ambapo kusambaza ndiko kosa.

Tupige hesabu ya mfano wa kubuni. Kijana wa miaka 23 ametuma zile meseji zetu za kila siku, “ile pesa itume kwa namba hii”, akaenda mbele zaidi, akapata namba za siri za watu na kuingia kwenye akaunti zao za simu. Walioumizwa ni kumi na wawili, wanne kati yao wazee. Mahakama imemtia hatiani kwa utapeli wa kompyuta. Hakimu anaanzia miaka mitano. Idadi ya watu, kulenga wazee na jinsi alivyojipanga kunampandisha, tuseme hadi sita na nusu. Kisha anakumbuka kwamba ni kosa lake la kwanza, alikiri siku ya kwanza, na amerudisha sehemu ya pesa. Anashuka hadi minne. Kijana alikuwa amekaa rumande miezi minane, na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inataka muda huo uzingatiwe. Unabaki kifungo cha miaka mitatu na miezi minne. Hakimu wa mahakama ya jirani angeweza kufika miaka mitano, au akaamini ripoti ya ofisa na kutoa kifungo cha nje pamoja na amri ya fidia, na hakuna aliyevunja sheria. Hiari ni hiyo.

Mpeleke kijana huyohuyo Tanzania. Tuseme alichopata ni jumla ya shilingi milioni mbili za Tanzania. Mara tatu yake ni milioni sita, ambayo ni ndogo kuliko milioni ishirini, kwa hiyo faini inaanzia ishirini. Akipelekwa jela, inaanzia miaka saba. Kukiri, umri na machozi ya mama yake vinamwondolea ile ziada ya juu, lakini havimshushi chini ya sakafu. Hiari kubwa iliyobaki mkononi mwa hakimu ni kuchagua kati ya faini, kifungo, au vyote.

Na chaguo hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika sheria ya sakafu. Nia ya kuweka kiwango cha chini ni njema: mkosaji wa Mwanza na wa Mtwara wasitofautiane kwa sababu ya moyo wa hakimu. Lakini faini ikiwa kubwa na sawa kwa wote, tofauti inahamia mfukoni. Mwenye gari mbili anauza moja na kulala kwake usiku uleule. Asiye na kitu anakwenda jela kwa kosa lilelile, isipokuwa akipata bahati ya watu kuchangishana mitandaoni wamlipie, jambo ambalo tumeliona likitokea. Kenya ina kinga fulani hapo: Kanuni ya Adhabu imeweka ngazi za kifungo cha kushindwa kulipa faini, na kwa faini inayozidi shilingi 50,000 ngazi ya juu ni miezi 12, isipokuwa sheria nyingine iseme vinginevyo.

Mizani ya makosa yenyewe

Dari ya kila kosa inatakiwa ionyeshe jinsi jamii inavyoliona kosa hilo. Ukiisoma sheria ya Kenya kwa jicho hilo utakuta mambo ya kushangaza. Picha za ngono za watoto zina dari ya miaka 25 au milioni 20, na hapo wengi tutakubaliana. Tanzania kwa kosa hilo, kwa mujibu wa sheria ilivyotungwa, inaanzia miaka saba au shilingi milioni 50 za huko. Kusambaza habari za uongo zinazozua taharuki, sheria ilipotungwa 2018, kuliwekewa hadi miaka kumi. Unyanyasaji wa mtandaoni, ambao wakosoaji wamekuwa wakilalamika kwamba umeelezwa kwa maneno mapana mno, nao ni hadi kumi. Sasa tafuta kosa la kusambaza picha za faragha za mtu mzima bila ridhaa yake. Dari yake ni miaka miwili au shilingi 200,000. Ndiyo, laki mbili. Waendesha mashtaka wenye akili hutafuta kosa jingine la kuongeza kwenye hati ya mashtaka, lakini hakimu akibaki na hilo pekee, hata mkosaji mbaya kuliko wote waliowahi kufika mbele yake hawezi kuzidi miaka miwili. Nikiulizwa ni wapi sheria hii inahitaji kurekebishwa, ningeanzia hapo, muda mrefu kabla ya kuongeza maneno kwenye kifungu cha 27.

Kuhusu makosa mengi katika kesi moja. Mtu akitiwa hatiani kwa makosa matatu na kila moja likapewa miaka minne, vichwa vya habari huandika miaka kumi na miwili. Inategemea. Hakimu akiamuru vifungo viende sambamba, mfungwa anavitumikia vyote kwa wakati mmoja na atakaa minne. Akiamuru kimoja kifuate kingine, ni kumi na miwili kweli. Kawaida ya mahakama zetu ni kwamba makosa yaliyotokana na tukio moja hutumikiwa pamoja, na matukio tofauti yenye waathirika tofauti yanaweza kuachanishwa. Kwa mtapeli aliyewaibia watu kumi na wawili kwa wiki tofauti, sentensi hiyo moja ya mwisho ya hakimu ina uzito kuliko hesabu zote zilizotangulia.

Msamaha wa mlalamikaji nao haufungi kesi kubwa. Watu hukaa kikao cha familia, pesa zinarudishwa, mikono inapeanwa, halafu wanashangaa kuona kesi inaendelea. Kosa kubwa la jinai ni la Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na anayeweza kuliondoa mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa utaratibu wake. Msamaha huo haujapotea bure, kwani unaingia kwenye maombi ya kupunguziwa adhabu. Kwa upande mwingine, aliyeibiwa asidhani faini ya mamilioni inayotangazwa itamfikia. Hiyo ni ya Hazina. Chake kinapatikana kwa amri ya fidia, ambayo sheria ya Kenya ya 2018 imeipa nafasi yake, au kwa kufungua kesi ya madai. Asiyeiomba fidia anaweza kutoka mahakamani mikono mitupu huku mkosaji wake akiwa ameadhibiwa vikali.

Hata kifungo kikishatamkwa, tarehe ya kutoka si ile unayoipata kwa kuhesabu kalenda. Sheria ya Magereza ya Kenya inampa mfungwa mwenye bidii na mwenendo mzuri punguzo la theluthi moja, isipokuwa kwa makosa na vifungo vichache vilivyotengwa. Kijana wetu wa miezi arobaini anaweza kutoka baada ya miezi ishirini na sita na siku kadhaa, bila ya rushwa wala mkono wa mtu, ingawa mtaani hakuna atakayeamini hivyo.

Anayeona ameonewa hukata rufaa. Hapo mahakama ya juu haiulizi kama yenyewe ingetoa adhabu tofauti. Msimamo ulionukuliwa tangu miaka ya 1950 ni kwamba itaingilia pale tu hakimu alipokosea kanuni, alipoacha jambo la maana, au alipotoa adhabu iliyo wazi kuwa ni kali au nyepesi kupita kiasi. Na rufaa ina pande mbili. Mahakama Kuu ya Kenya ina uwezo wa kuongeza adhabu ya mtu aliyekwenda kuomba ipunguzwe. Kabla ya kufanya hivyo humwonya kwanza, ili akitaka aiondoe rufaa yake na kubaki na alichopewa.